Mchapaji wangu wa mwisho: nimbakize au nimwachie aende?

Mama Kopi (Morogoro)

Wakuu, habari za usiku. Naomba msinicheke kwa urefu, mimi ni mtu wa kupiga chapa, vidole vikianza havijui kusimama.

Nina steshenari Mazimbu, Morogoro. Nilifungua mwaka 2006 na kompyuta moja ya mtumba, printa moja, na mashine ya fotokopi iliyokuwa ikikwama karatasi kila mvua ikitaka kunyesha. Watu walikuja kwa jambo moja: kuchapiwa. Mwanafunzi analeta ripoti ya fildi imeandikwa kwa kalamu, kurasa sitini, mwandiko kama kuku aliyekanyaga wino, na anaitaka kesho asubuhi. Ukurasa 500, msimu ukipamba moto 700. Julai hadi Septemba nilikuwa na mabinti watatu na mimi wa nne, tunafunga saa nane usiku. Watoto wangu wawili wamesomeshwa na ripoti za watu.

Mwaka jana msimu mzima nilipokea ripoti nne zilizoandikwa kwa mkono. Mwaka huu moja, tena ya mzee mwenzangu anayesoma masomo ya jioni. Vijana wanaongea na simu, simu inaandika. Wengine hata kuongea hawaongei, wanaiagiza hiyo ChatGPT, inawaletea sura ya kwanza hadi ya tano pamoja na orodha ya vitabu ambavyo sidhani kama vimewahi kuandikwa na mtu. Kwangu wanatuma WhatsApp: "Mama, printi." Printi 100. Spiro 2,000. Basi.

Sio mara yangu ya kwanza kuondolewa kwenye kiti na mashine, ndiyo maana siogopi sana, nina hasira tu. Nilisoma Chuo cha Uhazili Tabora. Hatimkato, yale maandishi ya alama za kunasa haraka anachosema mtu, maneno 80 kwa dakika, taipureta bila kutazama vidole, mwalimu alikuwa akitufunika mikono kwa kitambaa. Ukikosea kwenye stensili, ile karatasi ya nta ya kutolea nakala nyingi, unapaka ile dawa nyekundu, unapuliza, unasubiri ikauke, huku bosi anagonga meza. Nikaajiriwa shirika moja la umma. Mwaka 1997 zikaletwa kompyuta zenye kioo cha buluu, WordPerfect, tukaambiwa wahazili saba watabaki watatu. Nilibaki, si kwa akili, ila nilikubali kukaa ofisini jioni na yule kijana fundi wakati wenzangu wanawahi basi. Mwaka uliofuata shirika lenyewe likabinafsishwa, tukatoka wote pamoja na kompyuta zetu. Hatimkato nimebaki nayo. Orodha ya sokoni naiandika kwa hatimkato ili mume wangu asijue bei.

Sasa nisikilizeni hili ndilo lililonifanya niandike.

Wiki mbili zilizopita aliingia kijana na baba yake. Baba kashika karatasi mbili za daftari, mauziano ya kiwanja, ameyaandika mwenyewe kwa mkono wake wa shule ya zamani. Nikavuta kiti nichape. Kijana akasema, "Mama usihangaike," akapiga picha karatasi, simu ikatoa maandishi, akanitumia. Haikufika dakika mbili. Nikaprinti, kurasa mbili, shilingi 200. Wakati natafuta stepla macho yakaangukia mstari wa malipo ya awali: "Sh. 1,100,000 (milioni moja na laki saba)." Mzee saba yake haina kikofia, ni fimbo imepinda kidogo. Simu imeona moja. Maneno imeyasoma sawa, tarakimu imekosea, na wala haikushtuka kuwa haviendani.

Nikamwonyesha kijana. Akasema, "Si tarakimu moja tu." Laki sita hizo! Wakasahihisha, nikaprinti upya, wakalipa 200 nyingine, wakaenda kwa mwenyekiti wa mtaa kusaini. Nimeokoa laki sita, nimelipwa mia nne, na wino wa kwangu.

Swali lenyewe. Kati ya wale mabinti watatu nimebaki na mmoja. Namlipa 180,000 na chakula cha mchana. Fremu ni 120,000 kwa mwezi. Nimeweka akiba 2,600,000. Mume wangu anasema tununue fotokopi ya rangi ya mtumba. Kaka yangu anasema funga, pangisha fremu kwa muuza mitumba, kapumzike. Kinachonipa hela kidogo sasa ni kuwajazia watu fomu za mtandaoni: mikopo ya Bodi ya wanafunzi wa vyuo, Ajira Portal ya kuomba kazi serikalini, uhakiki wa vyeti vya kuzaliwa RITA, jina la biashara BRELA, namba ya mlipakodi TIN. Nina daftari la nywila zao maana wote wanasahau. Lakini hiyo kazi naweza kuifanya peke yangu. Huyu binti anachapa maneno sitini kwa dakika na hana cha kuchapa. Nimwachie aende? Na hiyo akiba niipeleke wapi?

Kijana wa Msamvu

Mama uza mashine zote vuta bodaboda mbili. Bodaboda haina ChatGPT.

Dogo Tx

Kijana wa Msamvu, na wewe subiri, gari zisizo na dereva zipo barabarani Marekani, watu wanalipa nauli wanashuka. Zikifika kwetu utakuja humu kuuliza swali hilihili.

Kijana wa Msamvu

Zije Msamvu zione mashimo kwanza.

Mpangachapa mstaafu (Dar es Salaam)

Mwanangu, marahaba kwa shikamoo ambayo hukuitoa. Nimesoma habari yako mara mbili, na hiyo saba isiyo na kikofia imenirudisha mbali.

Mimi nilikuwa mpangachapa. Kiwanda kilikuwa Barabara ya Pugu, nimeingia mwaka 1974 nikiwa kijana wa darasa la saba. Kazi ni kuokota herufi za risasi moja moja kutoka kwenye sanduku lenye vijumba, unazipanga kwenye kishikio cha chuma mkono wa kushoto, kinyumenyume, unasoma kama mtu anayejiangalia kwenye kioo. Masanduku yaliletwa yamepangwa kwa Kiingereza, kijumba kikubwa kuliko vyote ni cha herufi e. Kiswahili kinakula a. Ukipanga ukurasa mmoja wa "Wananchi watakaohudhuria mkutano" a zimekwisha, k zimekwisha, unasubiri kazi ya mwenzio ichapwe ndipo mpasue chapa yake mgawane herufi. Tulikuwa tunagombana kwa ajili ya herufi a kama watu wanaogombea maji ya bomba.

Kwingine duniani mashine ya kusubu mstari mzima wa risasi ilishakuwapo tangu 1886, kule New York, na sisi pia tulikuwa nayo moja ya magazeti. Kwa hiyo hata sisi wa kuokota kwa mkono tulikuwa tumeshachelewa tangu siku ya kwanza, ila hakuna aliyetuambia. Nadhani kila kazi iko hivyo. Unaajiriwa kwenye kitu ambacho mahali fulani kimeshakufa.

Halafu zikaja kompyuta. Tulikuwa wapangaji ishirini na wawili. Walichukuliwa wanne. Watu watakwambia waliobaki ni wale waliokubali kujifunza. Sio kweli, binti yangu, mimi nilikuwapo. Wengi walikubali kujifunza. Walichukuliwa vijana wapya kutoka shule, waliokuja wanajua tayari na mshahara wao mdogo. Mimi nilibaki kwa sababu msahihishaji wa prufu, yaani karatasi ya majaribio kabla ya kuchapa zote, aliugua wiki ile mkurugenzi aliyokuwa anaandika orodha, nami nikawa nimeshika kiti chake. Bahati tupu. Na mwenzetu mmoja aliyekataa kompyuta katakata, tuliyemwona mjinga, alinunua mashine ndogo ya mkono iliyokuwa inatupwa, akaiweka uani kwake Temeke, akachapa kadi za michango ya harusi. Alijenga nyumba mbili kabla WhatsApp haijamuua naye.

Lakini hicho kiti cha prufu ndicho ninachotaka kukwambia. Pale hakukaa mtu mmoja, walikaa wawili. Mmoja anaitwa mshika nakala. Anashika karatasi ya mwandishi na kuisoma kwa sauti, kila kitu, hata mkato, hata nukta, "herufi kubwa, M, wananchi, mkato." Tarakimu haisomwi kama namba, inasomwa moja moja: moja, saba, sifuri, sifuri. Mwingine amekodolea prufu, kalamu mkononi, hatazami nakala kabisa. Kwa nini wawili? Kwa sababu jicho la mtu mmoja linasoma linachokitarajia. Wewe ile siku uliona kwa bahati, ulikuwa unatafuta stepla. Siku nyingine ungebana karatasi ukampa.

Tulikuwa tunalipwa kwa kazi hiyo. Kuchapa kuna bei yake na kusoma kuna bei yake. Wewe umeuza la kwanza miaka yote na la pili ukalitoa bure, sasa la kwanza limekuwa bure lenyewe. Andika kibao. Na huyo binti usimwache aende kabla hujamjaribu kwenye kiti cha mshika nakala. Maneno sitini kwa dakika maana yake anasoma haraka na hachoki.

Fotokopi ya rangi ya mtumba usinunue. Tona yake itakula akiba yote kabla ya Pasaka.

Fundi wa Kericho

Habari yenu majirani. Mimi si mtu wa karatasi, niko Kericho, nimechuna majani chai miaka kumi na mbili. Lakini hii stori naielewa.

Kuchuna kwa mkono ni majani mawili na chipukizi, unakunja, unavunja, unatupa nyuma kwa kikapu, unalipwa kwa kilo. Mashine ikaja. Hii yetu inashikwa na watu wawili, mmoja upande huu wa mistari na mwingine upande ule, wa tatu nyuma anavuta gunia. Inapita inakata kila kitu kilichosimama, jani changa, jani kuukuu, hata kijiti. Lakini kwa siku inafanya kazi ya watu wengi sana, na mwenye shamba anahesabu shilingi, hahesabu chipukizi. Gengi yetu ilikuwa watu thelathini, tukabaki saba.

Mei 2023 watu walichoma mashine. Mliona kwa TV. Mimi sikuchoma na sitasema waliochoma ni wakora, nilikula nao. Watu waliumia. Asubuhi yake moshi uliisha, na mashine zingine zikaletwa.

Nilichofanya mimi: ile mashine ina injini ndogo ya petroli na visu virefu kama vya kunyoa. Visu visiponolewa vizuri vinararua jani, linakuwa jekundu kabla halijafika kiwandani, na bei inashuka. Hakuna mtu wa kunoa. Nikajifunza kunoa kwa mzee mmoja wa kutengeneza mashine za kukata nyasi, Kisumu, wiki mbili, nikilala kwa stoo yake. Sasa nanoa na kufungua kabureta. Napata kuliko nilivyokuwa napata kuchuna. Lakini dada yangu wacha nikuambie ukweli, fundi anahitajika mmoja kwa mashine nyingi. Wale ishirini na tatu hawawezi kuwa mafundi wote. Wengine wako mashamba madogo ya watu, ambako bado majani yanachunwa kwa mkono kwa ajili ya viwanda vya wakulima wadogo. Wengine wako Nairobi. Wawili sijui wako wapi.

Kwa hivyo huyo msichana, kama anaweza kuwa fundi wa kitu fulani, sawa. Kama hawezi, mwambie mapema. Sisi tuliambiwa Ijumaa jioni.

Mtafsiri wa Dodoma

Mama Kopi, pole na hongera kwa pamoja. Naandika kutoka upande wa pili wa ugonjwa huohuo.

Kazi yangu ni kutafsiri nyaraka za kisheria. Mwaka 2021 sheria ilipobadilishwa na Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, nilinunua meza ya pili. Nilijua nimepona: mikataba, hukumu, viapo, vyote vitahitaji mtu. Nyaraka zimekuja kweli. Ila zinakuja zimeshatafsiriwa na mashine, na wakala ananiambia "pitia tu." Ukurasa niliokuwa nalipwa 15,000 sasa ni 4,000, kwa sababu ni kupitia tu. Muda ni uleule, na pengine zaidi, maana kosa la binadamu unalijua lilipo, yaani pale alipochoka. Kosa la mashine limevaa suti, limekaa katikati ya sentensi nzuri.

Nitakupa moja. Kiapo cha mirathi, familia ya Tanga yenye ndugu Muscat, kinatakiwa kwa Kiingereza. Kwenye Kiswahili yupo baba mdogo wa marehemu na yupo mjomba wa marehemu. Mashine imewaandika wote wawili neno moja la Kiingereza, lile wanalomwita kila ndugu wa kiume wa baba au wa mama. Sentensi safi, sarufi safi. Lakini kwenye mirathi ya Kiislamu baba mdogo ni ndugu wa upande wa baba, anaweza kuingia kwenye urithi pale ambapo walio karibu zaidi hawapo. Mjomba anasimama nyuma kabisa. Watu wawili ambao fungu lao halifanani wamegeuzwa mapacha. Niliandika ufafanuzi wa mistari minne, nikaugongea muhuri. Nililipwa 4,000.

Kwa hiyo mzee Mpangachapa amenena, kusoma kuna bei. Lakini jihadhari na kitu kimoja: ukiiita "kusoma" watakulipa 4,000 kama mimi. Ikipewa jina la kazi ndogo inalipwa bei ndogo. Mimi nimeanza kuandika kwenye ankara "uthibitisho," na natia sahihi yangu chini kwamba nimelinganisha na ya asili. Wakala mmoja amekubali 9,000. Wawili wameniacha.

La pili, na hili nalisema kwa ukali kidogo. Hilo daftari la nywila LITOE dukani leo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya mwaka 2022 na ilianza kutumika Mei 2023. Daftari likiibwa, mtu akaingia kwenye akaunti ya mteja ya Ajira Portal au ya mkopo, wa kwanza kuitwa polisi ni wewe.

Mama Kopi (Morogoro)

Shikamoo mzee wangu, naomba unisamehe, nilidhani humu wote ni watoto. Wakuu wengine asanteni. Fundi wa Kericho, hiyo ya kuambiwa Ijumaa jioni imenichoma, maana nilikuwa nimepanga kumwambia binti Ijumaa.

Daftari nimelitoa. Kila mtu akija nakata ukurasa wake nampa mkononi. Mmoja ameutupa palepale mlangoni, nimeufuata nikauchoma.

Kibao nimeandika: TUNALINGANISHA NAKALA, WATU WAWILI, TUNATIA SAHIHI. UKURASA 1,000. Siku ya kwanza aliingia mteja akauliza kama ni mchezo wa kuigiza.

Bwana Mifumo

Samahani wadau, niharibu sherehe. Ninafanya kazi ya kompyuta. Hilo kosa la saba na moja, mwakani simu italiona yenyewe. Tayari programu nzuri ukiiambia "linganisha tarakimu na maneno" inalinganisha kwa sekunde. Mama unajenga biashara kwenye shimo ambalo linafukiwa.

Mama Kopi (Morogoro)

Bwana Mifumo, sijakasirika, nimejaribu hilo usemalo. Binti amenisaidia. Tulichukua karatasi ya yule mzee (nilibaki na nakala), tukaiambia simu ilinganishe, ikaona kosa. Nikafurahi. Halafu ikasahihisha upande wa maneno. Ikaandika "milioni moja na laki moja" na ikanishukuru kwa uvumilivu wangu.

Najua itajifunza. Mimi nina miaka hamsini na mbili, sihitaji shimo likae wazi milele, nahitaji miaka minane. Ila hapa kaunta mtu akija kulalamika analalamikia mtu. Yule mzee angerudi na karatasi yenye laki sita zilizopotea asingeenda kwa simu ya mwanawe, angekuja kwangu, kwa sababu ndiko ilikotoka. Sasa kama lawama ni yangu, basi na bei iwe yangu.

Bwana Mifumo

Hapo umenibana kidogo. Tuletee hesabu baada ya mwezi, hisia tumezisikia.

Mama Kopi (Morogoro), wiki tano baadaye

Bwana Mifumo na wengine mlionitumia ujumbe, hesabu hii hapa.

Wiki tano, wateja 31, kurasa 134. Hiyo ni shilingi 134,000. Imelipa fremu na kubaki kidogo, mshahara wa binti haijafikia. Zikichanganywa na fomu za mtandaoni tumepumua, kwa sababu dirisha la mikopo lilikuwa wazi na foleni ilifika kwa muuza miwa.

Waliokuja sio niliowategemea. Wanafunzi sifuri. Mmoja aliniuliza kama naweza kumthibitishia marejeo yake kama vitabu vipo, nikamwambia mwanangu nenda maktaba, akacheka akaondoka. Waliokuja ni mauziano ya viwanja na mashamba, kumi na tisa kati ya hao. Katiba za VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, tatu. Katiba moja ilikuwa inasema mwanachama akichelewa marejesho atatozwa asilimia 50, kumbe kwenye daftari lao ni 5, na walikuwa wameshaisaini wanawake kumi na wanane. Wosia mmoja, baba mmoja alitaka tusome kwa sauti ya chini kwa sababu mwanawe alikuwa nje kwenye pikipiki. Tukasoma kwa kunong'ona, "mkato, nukta," kama watu wanaosali rozari. Ofisi moja ya wakili imetuma karani mara nne, na sasa wanataka tupunguze iwe 700. Nimekataa mara tatu. Ya nne sijui.

Kosa tumelipata kwenye nyaraka tisa. Sita kati ya hizo ni tarakimu. Mbili ni majina, maana simu ikikutana na jina la Kiluguru inalipeleka kwenye jina inalolijua. Moja ni kosa letu wenyewe, niliruka mstari, binti akanishika. Nilimrudishia mteja hela yake, akashangaa kuliko yule aliyeuliza kuhusu mchezo wa kuigiza.

Mzee Mpangachapa, ulisema kweli kuhusu jicho. Mwanzo nilidhani mimi ndiye nikae na kalamu kwa kuwa ni mkubwa. Tulibadilishana wiki ya pili. Yeye kwenye prufu haponyokwi na kitu, na mimi sauti yangu ya hatimkato imepata kazi, kwa miaka yote ile nilikuwa nasikiliza watu wakisema haraka nikiandika, sasa nasema haraka mtu anaangalia. Akiba sijaigusa, isipokuwa 85,000 ya taa nzuri ya mezani na kiti chenye mgongo.

Kuna jambo moja. Jumamosi wakati tunafunga binti aliniambia tangu Machi anajifunza cherehani kwa fundi wa Nane Nane, kila siku akitoka kwangu. Hakuniambia kwa sababu aliona natazama kalenda siku za Ijumaa. Cherehani yake ameshailipia nusu ya bei. Mwishoni mwa mwaka anaondoka. Nimemwuliza kwa nini sasa, wakati kazi imeanza kusimama, akanijibu, "Mama, wewe umehesabu miaka minane. Mimi nina ishirini na nne."

Sikuwa na jibu. Nikampa zile 95,000 zilizokuwa zimebaki kumalizia bei ya cherehani, kwa masharti kwamba akae hadi Desemba na amfundishe atakayekuja.

Kwa hiyo wakuu nabadilisha swali. Natafuta mtu Morogoro mjini, msichana au mvulana sibagui, anayesoma mwandiko wa wazee bila kukisia na asiyeona haya kusema "mkato" kwa sauti mbele ya watu. Kuchapa si lazima. Aje na barua aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe, na ndani yake aweke saba angalau tatu.